Tupeane uzoefu: kubeba pikipiki ya motokrosi kwa keria ya nyuma ya gari

Msafiri wa Murram
Wakuu, habari za majukumu. Tufungue uzi wa zile keria za chuma au alumini zinazochomekwa kwenye tundu la mraba nyuma ya gari, pale unapokaa mpira wa kuvutia tela, halafu pikipiki inasimama juu yake kwa ubavu. Wengi wananunua kwa kusoma kilo zilizoandikwa kwenye boksi, basi. Wenye ujuzi mwageni: vipimo, mikanda, kinachokatika na kwa nini kinakatika. Mambo ya "nilisikia" tuyaweke pembeni, leteni namba.

Mzee wa Spana
Kuna uwezo wa keria, uwezo wa tundu, na uwezo wa gari lenyewe kukandamizwa nyuma. Unaoamua ni ule mdogo kuliko yote. Keria nyingi zinazouzwa Marekani zimeandikwa pauni 400 hadi 600, yaani kilo 180 hadi 270. Hiyo ni keria, gari lako halimo. Tundu la inchi 1¼ kwa kawaida linavumilia kukandamizwa kwa pauni 200 hadi 350. La inchi 2 la daraja la III mara nyingi pauni 500. Kisha fungua kitabu cha gari. RAV4 ya kawaida ya petroli ya soko la Marekani inaruhusiwa kuvuta pauni 1,500, na uzito ambao kichwa cha tela kinakandamiza tundu unahesabiwa asilimia 10 ya hapo: pauni 150, kilo 68. Honda CRF250R ikiwa na mafuta ni kilo 104 hivi. Ongeza keria ya alumini ya kilo 20. Umeshapita, hata kama umefungiwa tundu jipya la inchi 2.

Halafu kuna wenzo, yaani mzigo ukikaa mbali zaidi na gari unakandamiza zaidi. Namba ya gari imepangwa kwa mpira wa tela ulio karibu na bampa, lakini pikipiki inakaa sentimita 50 hadi 60 kutoka mdomo wa tundu. Chukua Prado 150, ekseli hadi ekseli mita 2.79. Weka kilo 150 (pikipiki 125, keria 25) mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. 150 × 1.6 ÷ 2.79 ni kilo 86 zinazonyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele, na ya nyuma inapokea kilo 236 badala ya 150. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa, na taa zinamulika usoni mwa wanaokuja. Jaza tairi za nyuma kwa upepo wa gari lililobeba, ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na ushushe taa kama gari lina swichi yake.

Viungio vya kurefusha vinaongeza wenzo. Watengenezaji wengi wanaagiza upunguze uwezo kwa nusu ukivitumia. Vile vya kugeuza inchi 1¼ kuwa inchi 2 ndio kabisa: vinakupa tundu kubwa, nguvu inabaki ileile ndogo.

Dogo wa Thika
Shikamoo mzee. Na zile gari zenye spea mlangoni?

Mzee wa Spana
Marahaba. Hapo ndipo wengi wanarudisha keria dukani. Usukani wa pikipiki una upana wa sentimita 80 hivi, kwa hiyo 40 zinaelekea kwenye gari, na spea nayo imejitokeza. Ukirefusha mkono wa keria ili usukani upite, umerudi kwenye wenzo. Afadhali spea ihamie juu kwenye keria ya paa. Na kumbuka mlango wa nyuma haufunguki pikipiki ikiwa juu: jeki, maji na vifaa vya pancha viwe mahali unapofikia kwa milango ya pembeni.

Mchomeleaji
Niongee na wanaochongesha keria gereji, maana huku kwetu ndio wengi, iwe Nairobi, Arusha au Kampala. Makosa mawili yanajirudia.

La kwanza ni bomba la mkono unaoingia kwenye tundu. Tundu la Kimarekani ni la inchi 2, milimita 50.8, tena ndani limeachiwa nafasi kidogo. Bomba la duka la vyuma ni la milimita 50 kamili. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayopiga kelele kwenye kila tuta. Kama mkono umeingia sentimita 15 na nafasi ni milimita 1.5, ncha iliyo sentimita 75 nje inacheza mara tano yake, milimita 7.5. Kila mchezo ni nyundo kwenye pini na kwenye welding. Ziba kwa bati jembamba la chuma pande mbili, juu na ubavuni, kisha kaza kwa kibanio cha bolti ya U kinachoshika mkono na mdomo wa tundu pamoja. Pini ya tundu la inchi 2 ni ya inchi 5/8, takriban milimita 16. Usiweke bolti ya 12 ukasema inatosha. Itakula tobo mpaka liwe la yai.

La pili ni unene. Kilo 150 kwa sentimita 55 ni nguvu ya kupinda ya kama Nm 810 (nyutonimita) gari likiwa limesimama. Kwenye tuta au shimo la murram mzigo unaweza kufika mara tatu, karibu Nm 2,430. Bomba la 50 × 50 lenye ukuta wa milimita 3 hapo linabeba mkazo wa MPa 290 hivi (megapaskali, kipimo cha mkazo ndani ya chuma), na chuma cha kawaida kinaanza kupinda kwenye MPa 250. Ukuta wa milimita 6 unashuka mpaka 175. Kwa hiyo milimita 6 kwa mkono. Reli ya kukalia tairi inaweza kuwa ya 3.

Nyufa zinaanzia pembeni ya welding, pale mkono unapokutana na reli, upande wa juu kwa sababu ndio unaovutwa. Weka pembetatu za bati la milimita 6 chini na ubavuni, na usimalizie mshono wako katikati ya uso wa juu wa mkono. Tobo la pini litobolewe ubavuni, nusu ya kimo, ambako mkazo wa kupinda ni mdogo. Anayetoboa juu kwenda chini amelidhoofisha bomba pale pale linapofanya kazi.

Binti Enduro
Mikanda sasa. Nimesoma watu wanaofunga kwa kamba ya katani na imani. Jamani.

Mikanda minne, kila mmoja uwe na uwezo wa kazi usiopungua kilo 180. Ile namba kubwa kwenye pakiti ni ya kukatika. Uwezo wa kazi ni theluthi yake. Miwili ya mbele inashika karibu na shingo ya shokapu za mbele au chini ya usukani kwa vitanzi laini, ikivuta chini na kutanuka pande mbili. Ukivuta kwenye mpira wa kushikia, usukani unazunguka na mkanda unalegea. Miwili ya nyuma inashika vikanyagio au fremu. Kazi yake ni kuzuia nyuma isirukeruke. Halafu mkanda mfupi kila tairi, kufunga rimu kwenye reli.

Shokapu za mbele zibonyee theluthi hadi nusu ya safari yake. Ukiacha juu, shimo likipiga pikipiki inashuka, mikanda inalegea, ndoano inachomoka. Weka kipande cha mbao kati ya tairi na madigadi: shokapu haiwezi kushuka zaidi ya hapo, kwa hiyo mkanda unabaki umekaza na springi haikandamizwi bila sababu. Wenye mikanda ya racheti waangalie sana, racheti haina huruma, inaendelea kuvuta hata ulipofika. Mimi kwa mbele napendelea ya kifungo cha kubana (cam buckle), unavuta kwa mkono tu.

Kupandisha peke yako: funga ubao wa kupandishia kwenye keria, usiteleze nyuma tairi inapoanza kupanda. Pikipiki ikifika juu, weka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa. Ning'iniza kwanza mkanda wa upande wa gari. Vuta pikipiki ikuelemee mpaka huo mkanda ukaze. Sasa haiwezi kukuangukia. Ndipo ufunge wa upande wako, kisha ukaze zamu kwa zamu mpaka isimame wima. Stendi ipandishwe. Ukiacha stendi inabeba mzigo, inapinda yenyewe au inavunja mahali iliposhikwa kwenye fremu.

Mkanda usipite juu ya diski, waya wa klachi wala paipu ya breki. Sehemu ndefu iliyo wazi izungushe nusu mzunguko, upepo hautaipigisha kelele. Simama baada ya kilomita 15 hadi 20 ukaze tena.

Mwana wa Chumbageni
Dada, wengine huongeza mkanda kutoka usukani wa pikipiki mpaka keria ya paa. Vipi?

Binti Enduro
Sishauri. Keria ya nyuma inacheza, bodi ya gari nayo inacheza kivyake. Mkanda ulioshika vyote viwili unakaza na kulegea kila tuta, na siku mkono ukikatika, pikipiki inavutwa kuingia kwenye kioo. Kila kitu kifungwe kwenye keria yenyewe.

Mchomeleaji
Hapo tutatofautiana kidogo. Mkanda uliolegea kiasi, wa usalama tu, unaweza kuzuia pikipiki isiburutwe barabarani. Lakini ushike fremu ya keria hadi fremu ya gari, kwa chini. Paa hapana.

Fundi Nyaya
Pikipiki kubwa ya motokrosi ina urefu wa mita 2.18 hivi, Prado ina upana chini ya mita 1.9. Kwa hiyo inatoka pande zote mbili, na taa zako pamoja na kibao cha namba vimefichwa. Trafiki atakusimamisha kwa haki kabisa. Funga ubao wa taa wenye kibao cha pili cha namba.

Nyaya ndipo watu wanachoma fyuzi. Plagi bapa ya Kimarekani ya waya nne: nyeupe ni ethi, kahawia taa za nyuma, njano indiketa ya kushoto pamoja na breki, kijani ya kulia pamoja na breki. Gari la Kijapani lina indiketa peke yake na breki peke yake, kwa hiyo ukiunga moja kwa moja breki inapotea au indiketa zote mbili zinawaka pamoja. Kwa hayo magari tumia plagi ya pini 7 ya Ulaya: njano indiketa kushoto, kijani indiketa kulia, nyeupe ethi, nyekundu breki, kahawia taa ya nyuma kulia, nyeusi ya kushoto, bluu taa ya ukungu. Ncha za pikipiki zinazojitokeza zivalishe kitambaa chekundu mchana na viakisi usiku.

Mmanga wa Maskati
Kwa walioko Oman na jirani zake: pikipiki ishuke kabla ya kuingia mchangani. Keria inashusha nyuma ya gari, na kwenye kilele cha tuta la mchanga ncha inachimba na kupinda. Mikanda ya polista inaliwa na jua. Ikikakamaa na kupauka, kata utupe, usimwachie mwingine aiokote. Angalia na bomba la moshi la gari. Likiwa linapuliza kwenye tairi au mkanda, safari ndefu inatosha kuviyeyusha. Geuza pikipiki mwelekeo mwingine au weka bati la kukinga.

Dogo wa Thika
Na pikipiki zenye kabureta?

Mmanga wa Maskati
Funga koki ya petroli, ama sivyo mtikisiko utaijaza kabureta na utanusa petroli mpaka ufike. Ekzosi ya pikipiki izibe kwa kizibo cha mpira, vumbi la gari lako mwenyewe linaingia humo. Kizibo kifungwe utepe mwekundu ili kionekane kabla ya kupiga stata.

Msafiri wa Murram
Pikipiki mbili kwenye keria moja?

Mzee wa Spana
Rudi kwenye hesabu ya Prado hapo juu, weka ya pili sentimita 40 nyuma ya ya kwanza, uone kinachobaki kwenye ekseli ya mbele. Mbili ni tela au pikapu. Hata moja, kama njia ni murram mbovu ya siku nzima, pikapu.