Naomba ushauri: Jumamosi nakutana na mchezaji mstaafu wa besiboli

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Mbeya, upande wa Uyole. Kuna mzee wa Kimarekani amekuja na wageni wa kanisani, na mwenyeji wake ameniambia aliwahi kucheza besiboli ya kulipwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jumamosi nimealikwa chai pamoja naye.

Moyo unanidunda. Wasichana wangu wanaocheza rede wana shabaha ya ajabu, na kwenye besiboli mrushaji husimama kama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Natamani awaone wakirusha, hata nusu saa tu. Halafu kuna swali limenikaa kichwani. Mji wa Denver kule kwao uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mpira ukipigwa unaenda mbali zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Tangu 2002 wanatunza mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke kupita kiasi. Mbeya yetu iko juu kuliko Denver! Je, hapa kwetu mpira ungeenda mbali zaidi?

Tatizo langu ni kwamba sitaki aone nimemfuata kwa ajili ya misaada. Nimwombe kuja shuleni siku hiyohiyo, au tuzoeane kwanza? Mke wangu anashauri nimpelekee kahawa ya Mbozi. Waliowahi kukaa na wageni wazee, mlianzaje mazungumzo?