"Sorry" ya Kiingereza ni pole au ni samahani?

Mama_Wawili_Leeds: Habari zenu wadau, naomba kueleweshwa. Niko Uingereza mwezi wa nne sasa, nahudumia wazee. Jana mwenzangu kaponyokwa na kikombe, chai ikammwagikia mkononi, mi nikasema "sorry" kama tunavyosemaga nyumbani, akanigeukia, kwani wewe umefanya nini? Nikaishiwa maneno. Na wao wenyewe kutwa sorry, ukimkanyaga wewe yeye ndo anasema sorry, asiposikia ulichosema sorry tena. Hili neno lina maana ngapi jamani?

Binti_Pangani: Pole dada. Sisi tuna pole na tuna samahani, kila moja na kazi yake, tukihamia Kiingereza yote mawili tunayafanya sorry. Ila huko ulipo sorry kavu hivyo wanasikia samahani, yaani umekiri kosa. Kwa kikombe sema "oh no, are you all right?" Ile wanayopandisha sauti mwishoni, "sorry?", ni umesemaje. Msibani ndo inakuwa pole kabisa, "I'm sorry for your loss".

Mwl_Mstaafu: Nyongeza kidogo. Wengi wanadhani sorry imetoka kwenye "sorrow", huzuni, sio kweli, mizizi ni tofauti. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa sārig, kutoka sār, maumivu, ndo hii "sore" ya leo. Kwahiyo mwanzo wake ni mtu anayeumia, iko karibu kabisa na pole yetu. Ghana na Nigeria nao mtu akijikwaa wanamwambia sorry, hicho ni Kiingereza cha Kiafrika na kina heshima yake, mtu asikutie unyonge.

Dereva_Toronto: Mi niligongwa kwa nyuma kwenye taa, nikashuka nikamkuta mwenzangu anatetemeka nikamwambia sorry, namaanisha pole, hapohapo akaanza kusema si umekubali mwenyewe!! Bahati nzuri huku Ontario kuna sheria ya 2009, kwenye kesi ya madai kuomba radhi hakuhesabiki kwamba umekiri kosa. Huko ulipo pia kipo kifungu cha namna hiyo, cha 2006.

Mama_Wawili_Leeds: Asanteni sana, Mwalimu shikamoo. Leo asubuhi kuna bibi goti limemsumbua usiku kucha, nikainama pale kitandani nikamwambia taratibu "oh, I'm so sorry, is it still hurting?" Akanishika mkono, akasema "thank you, dear".