Mbegu za primrozi zimegoma kuota mara mbili, nakosea wapi wakuu?

jembe_butu
Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada kabla sijakata tamaa. Mboga nimelima miaka na zinaota tu hata nikizitupia, ila haya maua ya primrozi yamenivua nguo. Niliyaona kwa jirani, mafupiii yamejikusanya chini, mengine ya njano mengine zambarau na kijicho cha njano katikati, nikasema lazima niwe nayo, af nikajifanya mjuaji nikanunua mbegu badala ya miche.

Pakiti ya kwanza nilipanda kama ninavyopanda mboga, nikafukia kama sentimita moja, maji, trei dirishani kwenye jua. Wiki tatu kimya. Pakiti ya pili nikasema labda baridi, nikafunika na nailoni nikaweka palepale juani, mwezi mzima kilichoota ni ukungu mweupe pamoja na vimche viwili ambavyo nilivishangilia mpaka nikaita watu waje kuona, kumbe magugu. Sasa nimebaki na pakiti moja, mbegu kama 50, naiogopa hata kuifungua. Nakosea wapi?

Bi Zambarau
Pole mkuu ila nimecheka hapo kwenye magugu. Umekosea mara mbili na zote mbili ni kwa sababu umeichukulia primrozi kama mboga. Mbegu yake inataka mwanga ndo iote, ukiifukia sentimita moja umeizika na hata dua hujaisomea. Mwaga juu ya udongo uliolowa tayari, gandamiza taratibu na kiganja ishikane na unyevu, basi, usifukie. Ukiona roho haitulii nyunyiza vamikulaiti laini (yale madini mepesi ya chengachenga ya kupandia mbegu) kidogo sana maana ile inapitisha mwanga.

Kosa la pili ndo kubwa zaidi, joto. Haya maua asili yake ni sehemu za baridi, mbegu inaota vizuri kwenye digrii 15 hadi 18 hivi, ikishapita 20 nyingi zinajilalia tu hata uzibembeleze vipi. Wewe umeweka juani af ukafunika na nailoni.

jembe_butu
Yani nilikuwa nazipika?

Bi Zambarau
Ulikuwa unazipika. Weka sehemu yenye mwanga ila jua lisiipige trei moja kwa moja, chumba chenye ubaridi au nje kivulini, nailoni unaweza kuacha ili unyevu usipotee ila uwe unaifunua kila siku ipate hewa.

kitalu_cha_nyuma
Naongezea kwa Bi Zambarau, kuna kitu amekiruka. Mbegu ya primrozi ikishakaa kavu muda mrefu inaingia usingizi mzito, ile iliyochumwa juzi kwenye ua inaota haraka ila ya pakiti hujui imekaa dukani miezi mingapi. Mimi zangu zote nazipitisha kwenye friji kwanza, nachanganya na mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya kimfuko, wiki 3 mpaka 4, sio kwenye kigandishi jamani, ni kule chini. Zinadhani majira ya baridi yamepita, ukizitoa zinaamka.

Bi Zambarau
Hapo sikubaliani na wewe mkuu. Hiyo ya friji ni kwa zile primrozi za mwituni, kitaalamu zinaitwa vulgaris na veris, hizi chotara za rangirangi za kwenye pakiti zimeshachaguliwa kizazi baada ya kizazi ziote bila hizo mbwembwe. Nimepanda miaka mingi bila friji.

kitalu_cha_nyuma
Na mimi nimepanda miaka mingi na friji, sa tutafanyaje 😂

Maua_Tele
Samahani naingilia, hii primrozi si ndo ile mafuta yake wanauza kwenye vidonge? Maana kama ndo hiyo na mimi nataka nipande bustani nzima.

Bi Zambarau
Hapana dada, hiyo ni Oenothera, inaitwa primrozi ya jioni lakini hata ukoo mmoja hawana, yenyewe inarefuka kupita kiuno na maua yake yanafunguka jua likizama. Majina tu yamefanana. Hii yetu kitaalamu ni Primula, ukiipanda ukisubiri mafuta utasubiri sana.

Mzee Mboji
Wanangu mnabishana friji wakati kijana kasema trei iliota ukungu. Hata zikiota zote, kwa udongo huo na kufunika huko zitaondoka na kinyausi ndani ya siku mbili, unalala miche imesimama unaamka imelala shina limekatika usawa wa udongo kama imefungwa uzi. Sikiliza, chekecha mboji iliyoiva vizuri uchanganye na mchanga msafi, usiweke mbolea kali, miche hii ni kama kichanga haitaki mchuzi mzito. Trei ioshe na maji ya moto. Mbegu zipande kwa nafasi, zikisongamana ndo ugonjwa unapopita. Halafu usimwagie maji kwa juu, mbegu zenyewe ndogo utazikuta zote kona moja, weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo udongo unyonye kutokea chini, ukiona juu pamelowa toa.

Na uwe na subira. Hizi haziamki pamoja. Nyingine wiki ya tatu, nyingine ya sita, mimi kuna trei niliisahau nyuma ya pipa nikakuta imeota wakati nilishapanda nyingine. Usimwage udongo mapema.

jembe_butu
Mzee shikamoo, nimeelewa. Nimeamua hivi ili nisigombanishe watu, mbegu 25 zinaenda friji, 25 napanda leo bila friji. Nitaleta mrejesho.

kitalu_cha_nyuma
Haya tuone.

jembe_butu
WAKUU NIMERUDI. Nimechelewa sana najua. Za bila friji zimeota 14, za friji 11, na hizi nahakikisha ni zenyewe sio magugu, vijani vya pili vimeanza kutoka vina mikunjomikunjo kama vya kwa jirani. Nilizitunza kivulini nyuma ya nyumba, maji kwa beseni kama alivyosema mzee. Miche mitatu imeondoka na kile kinyausi, iliyobaki iko sawa. Sasa nahamisha lini na maua natarajia lini?

Bi Zambarau
14 kwa 11, sisemi kitu mimi 😌

kitalu_cha_nyuma
Tofauti ya mbegu tatu hiyo nayo ni ushindi? Subiri mwakani.

Mzee Mboji
Hongera kijana. Subiri mche uwe na majani halisi mawili matatu, yale ya mwanzo kabisa usiyahesabu. Ukihamisha shika jani, usishike shina, jani likichanika litatoka lingine ila shina ukiliminya mche umekwenda. Usizamishe kile kitovu majani yanapotokea, kikiwa chini ya udongo kinaoza. Kikopo kimoja mche mmoja, ikishashiba kikopo uizoeshe nje kidogokidogo ndo uipeleke bustanini, sentimita 15 hadi 20 kati ya mche na mche, udongo unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Chini ya mti unaopukutisha majani ni pazuri sana. Maua usiyakimbilie, kwa kawaida ni msimu unaofuata.

Bi Zambarau
Na zikichanua chungulia katikati ya ua, utakuta mimea mingine imetokeza kitu kama kichwa cha pini na mingine imetokeza chavua tu. Ni aina mbili tofauti na zinahitajiana ili mbegu zijae vizuri, yule mwanasayansi Charles Darwin aliliandikia jambo hili mwaka 1862. Ila mbegu utakazochuma kwenye hizo chotara zako usitegemee zitoe rangi ileile. Ukitaka ileile ng'oa mmea uugawanye, kila kipande na mizizi yake, baada ya maua kuisha, kila miaka miwili mitatu.

Maua_Tele
Jamani na mimi nimeshawishika, ila za ndani ya nyumba kwenye sufuria za maua. Kuna moja nimeiona inaitwa obconica nzuri ajabu.

kitalu_cha_nyuma
Hiyo nzuri kweli ila vaa glavu dada, vinyweleo vya majani yake vina kitu kinaitwa primini, kuna watu ikiwagusa ngozi inavimba na kuwasha siku kadhaa. Kuna aina zilizozalishwa zisizo nayo, tafuta hizo.

jembe_butu
Asanteni wote. Swali la mwisho, nimeshatoa miche minne nje kuizoesha, leo asubuhi mmoja umeliwa umebaki kijiti na kuna utelezi unang'aa kwenye kikopo.

Mzee Mboji
Konokono huyo, au yule mwenzake asiye na gamba. Toka saa tatu usiku na tochi, inua kila kikopo uangalie chini yake, utamkuta kajificha hapohapo. Na ukikuta mche umenyauka ghafla wakati udongo una maji, ung'oe uangalie mizizi, kuna mabuu meupe ya fukusi yenye kichwa cha kahawia.

jembe_butu
Nimetoka sasa hivi. Walikuwa saba.