Mti wa Krismasi, mtoto mdogo na paka: niufunge vipi usianguke?

Sebuleni (saa 2:05 usiku)
Habari za jioni wakuu. Nina mti wa plastiki wa futi 5 unaosimama kwa miguu mitatu. Mtoto ana mwaka na miezi minne, na paka naye anaupanda. Leo wameuangusha mara mbili. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki matundu ukutani. Naombeni ushauri wa haraka, nina wasiwasi sana.

Fundi Nyaya
Kabla ya kufunga mti, tuongelee taa. Zile seti za bei ya chini hazina transfoma. Waya ni kama uzi wa kushonea na ndani mna 230V nzima, kwa hiyo paka akitafuna, habari yake imeisha. Tafuta seti yenye adapta iliyoandikwa 24V au 31V upande wa kutoka. Ukibaki na ya zamani, weka plagi yenye fyuzi ya 3A. Ukiweka ya 13A, waya utaungua kabla fyuzi haijakatika. Na acha kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukumiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi.

Mzee Kobe
Plastiki ya nini? Kata tawi la mvinje, lisimike kwenye ndoo ya lita 20 yenye mchanga. Ikijaa inakaribia kilo 30, paka gani ataiangusha? Kila baada ya siku tatu badilisha tawi, mvinje mkavu unashika moto kama karatasi.

Bwege wa Mtaa
Uza paka. Mtoto baki naye kwanza, tuone mwakani.

Mshipi
Kama kuna nondo za dirisha huhitaji tundu. Chukua mshipi wa kuvulia, zungusha kwenye shina, theluthi mbili kutoka chini, kisha funga kwenye nondo pande mbili uwe kama V. Mshipi mmoja mti unageuka tu. Ondoa pia zile nyuzi za kung'aa. Paka akizimeza, ncha moja inanasa chini ya ulimi na utumbo unajikunja kama kiuno cha kaptura ya kamba. Ukiona ncha inatokea nyuma usiivute, utamchana utumbo.

Nesi wa Zamu
Dada, wasiwasi wote huo ni wa mti tu? Ulipoanguka ulikuwa na mapambo gani? Kuna ya betri?

Sebuleni
Vile vishumaa vya betri, sita. Kimoja kimefunguka kifuniko na betri siioni, nimetafuta mpaka chini ya kochi. Ila mtoto mzima. Anatoka mate tu na uji kaukataa, nadhani ni meno.

Nesi wa Zamu
Fungua kingine, soma betri yake. Na ulianguka saa ngapi?

Sebuleni
CR2032. Kama saa 11 jioni. Nimempa ndizi iisukume. Mama mkwe anasema itatoka na choo kama sarafu, tumeshaamua kusubiri asubuhi. Usiku hospitali ni gharama, baba yake kasafiri.

Nesi wa Zamu
Hiyo si sarafu. Ina upana wa mm 20, inanasa kooni, na ikigusa nyama yenye unyevu inapitisha umeme na kutengeneza kostiki, kama ile ya kutengenezea sabuni. Koo linaanza kuungua ndani ya saa 2. Wewe zimepita 3. Ondoka sasa hivi, nenda hospitali kubwa yenye eksirei, usipoteze muda kwenye zahanati isiyo nayo. Usimtapishe, usimpe chakula wala maji. Asali tu, kwa kuwa amevuka mwaka: vijiko viwili vya chai kila dakika 10, njiani, visizidi mara sita. Akishindwa kumeza, acha. Getini sema "betri", usiseme "kitu". Beba kishumaa kingine wakione. Wapige picha kuanzia shingo hadi tumbo; betri huonekana na duara mbili pembeni, sarafu haina.

Mtazamaji
Chai hii. Kajiunga leo, ujumbe wote uko humu. Mwenye mtoto kameza betri anauliza habari za mti?

Bwege wa Mtaa
Na tangawizi imo.

Mtazamaji
Kwanza betri inatokaje kirahisi hivyo?

Fundi Nyaya
Kifuniko hakina skrubu, ni cha kusukuma kwa kidole. Kikidondoka sakafuni kinafunguka chenyewe. Marekani walitunga sheria 2022: lazima kifunguliwe kwa kifaa kama bisibisi, au kwa miondoko miwili tofauti ya mkono kwa wakati mmoja. Huku tunauziwa hivyo hivyo. Chai au si chai, kageuze vya kwako uangalie.

Sebuleni (saa 2:58 usiku)
Tuko kwenye bajaji na jirani. Asali ya kwanza kameza, ya pili kaitema.

Nesi wa Zamu
Basi usimpe tena. Mkalishe wima.

Mzee Kobe
Mvinje hauna betri.

Sebuleni (saa 3:40 usiku)
Duara mbili. Wanamwita daktari wa kuitoa.

Mshipi
Pole dada. Nyumbani kabaki nani? Na vile vishumaa vingine viko wapi?

Sebuleni
Kimoja ninacho. Vingine mezani. Binamu zake wamebaki na bibi.