Nimealikwa harusi Karonga na mama niliyekutana naye kwenye gari, niende au nipite zangu?

Binti_Kiwira:
Wakuu habari za jioni, hasa nyie mliozoea kuvuka Kasumulu naomba mnisome hadi mwisho. Mimi ni mdada, kwetu Tukuyu ila naishi Mbeya mjini, nimechukua likizo nikaamua nitembee Malawi peke yangu maana mashoga zangu wote ni wa "tutaenda tutaenda" hadi mwaka unaisha. Mpakani nimepita vizuri, paspoti imegongwa muhuri, hakuna aliyenisumbua zaidi ya wale jamaa wa kubadilisha hela.

Sasa nikapanda minibasi ya Karonga kwenda Mzuzu, nimekaa na mama mtu mzima hivi ana kuku kwenye kapu, tunaongea Kiingereza cha kuungaunga, mara bibi yangu akapiga simu nikamsalimia "mugonile", yule mama aligeuka hadi kuku akashtuka. Kumbe Mngonde, na Kingonde na Kinyakyusa mnaelewana tu bila shida. Kuanzia pale hadi tunapanda milima ya Chiweta sijapumzika, kaniuliza ukoo, kaniuliza kanisa, kaniuliza kwanini sijaolewa, nauli yangu alitaka kulipa yeye nikakataa.

Tunashuka akanambia Jumamosi binti wa mdogo wake anaolewa, kijijini huko upande wa Kaporo, na lazima niwepo. Nikajua ni maneno ya njiani tu. Kesho yake kapiga simu kukumbushia, jioni kapiga tena.

Mpango wangu ulikuwa Nkhata Bay, nikae ziwani hadi hela iniambie nirudi. Moyo unataka harusi, akili inasema simjui huyu mtu hata kidogo. Na kama naenda, naenda na nini mkononi? Sitaki niaibishe Tukuyu nzima. Nipo gesti hapa Mzuzu nasoma majibu yote.

Dereva_Tunduma:
Nenda. Nimeendesha semi miaka na miaka Tunduma hadi Kasumbalesa, na nimekaribishwa na watu kuliko ninavyoweza kuhesabu, kuna wakati gari ilinifia karibu na Mpika tukisubiri spea, familia moja ikawa inaniletea nshima, yaani ugali wao, kila mchana, mara ya kwanza kuniletea viwavi vya kukaanga nikajifanya nimeshiba, ya pili njaa ikanifundisha adabu nikala na vile vitu ni vitamu aisee.

Kipimo changu ni kimoja tu, je huo mwaliko una watu wengine ndani yake? Harusi, msiba, ibada, chakula cha mchana na watoto wanakimbizana uani, hapo nenda. Ila mwaliko wa wewe na yeye tu, usiku, au wenye biashara ndani ("kuna mchongo wa madini hapa njoo nikuonyeshe"), hapo kanyaga mafuta usiangalie hata kioo cha pembeni. Mama mwenye kuku hana shida na wewe.

Usalama_Kwanza:
Mnampoteza dada wa watu humu. Mama mwenye kuku ndo mtu anayeaminika kirahisi, na wabaya wanalijua hilo. Jamaa yangu kasafiri nchi jirani, kakutana na kijana mcheshi, kakaribishwa kinywaji, kuja kuzinduka simu hakuna, hela hakuna, na viatu wamechukua. Dada uko nchi ya watu, ukipotea nani ataanza kukutafuta na aanzie wapi? Nkhata Bay kuna watalii, kuna lodge, kaa huko.

Dereva_Tunduma:
@Usalama_Kwanza huyo jamaa yako alikaribishwa na nani? Kijana, baa, usiku. Ndo nilichosema.

Mama_Chitenje:
Mdogo wangu mimi nimeishi Malawi kufuata mume, sasa nipo Uyole, ngoja nikupe ya muhimu kabla hawa wanaume hawajaanza kubishana.

Kwanza muda. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na wanahesabu kwa Kizungu, wakikwambia ibada saa 8 ni ile ambayo sisi tunaiita saa mbili asubuhi, sio mchana. Wageni kutoka kwetu wanachanganya hapo kila siku, mmoja anafika maharusi wameshaondoka, mwingine anakuta kanisa halijafunguliwa.

Pili zawadi. Usihangaike na boksi. Harusi za kule pesa inatolewa hadharani, wanaita perekani perekani, MC anasimama na maiki anaita makundi, upande wa bibi harusi, marafiki wa bwana, wanakwaya, majirani, muziki unapigwa mnatoka mnacheza huku mnadondosha noti mojamoja. Kwa hiyo ukienda na noti kubwa mbili umemaliza wimbo haujafika katikati, unabaki unacheza mikono mitupu na watu wanakutazama. Tafuta noti ndogondogo, nyingi. Nakuhakikishia MC akishajua kuna mgeni katoka Tanzania atakuita peke yako, ujiandae kisaikolojia.

Tatu mavazi. Enzi za Kamuzu Banda, rais wao wa kwanza, mwanamke kuvaa suruali au sketi fupi ilikuwa kosa la kisheria kabisa, sheria ilitungwa 1973 na ikafutwa walipoingia kwenye vyama vingi. Mjini leo wanavaa watakavyo ila kijijini kwenye harusi ya kanisani funga chitenje, yaani kitenge, utanunua hapohapo soko la Mzuzu. Na yule mama mpelekee sukari na sabuni, mkabidhi nyumbani kabla ya sherehe, sio mbele za watu. Kama ungejua mapema ungebeba mchele wa Kyela, kule ungeitwa malkia.

Usalama_Kwanza:
Sawa basi aende, ila afanye haya. Asilale kwao, alale gesti Karonga mjini. Apate laini ya kule, atume lokesheni kwa ndugu wawili sio mmoja. Paspoti ikae mwilini, hata akiambiwa "tukuwekee ndani isipotee" akatae. Na usafiri wa kurudi aupange mwenyewe kabla hajafika, asitegemee lifti ya mtu aliyekunywa.

Mnyasa_Halisi:
Mimi wa Mbamba Bay huku. Dada ukifika Nkhata Bay ulizia meli ya Ilala kama inatembea, uende Likoma ukaone kanisa kuu la Waanglikana, lilianza kujengwa 1903, kanisa kubwa mno juu ya kisiwa kidogo, ukiliona unajiuliza mawe yote yale walibebaje. Watu wa pale ni Wanyanja kama sisi, wanakaribisha bila hata harusi.

Dereva_Tunduma:
Meli ikichelewa harusi inampita, usimponze.

Binti_Kiwira:
Asanteni sana jamani, @Mama_Chitenje ubarikiwe. Nimepanga hivi, kesho nashuka Nkhata Bay maana sio mbali, Ijumaa nageuza hadi Karonga nalala gesti, Jumamosi harusini, Jumapili navuka. Kaporo kwanza iko njia ya kurudia nyumbani kwahiyo sipotezi nauli.

Ila kuna kitu sikusema mwanzo. Mama kaniomba nikimaliza harusi nimbebee mfuko nimpelekee ndugu yake Kyela. Sijamjibu.

Usalama_Kwanza:
NILISEMA MIMI.

Dereva_Tunduma:
Hapo nabadilika kidogo. Kubeba mzigo wa mtu kupita mpakani ndo kitu kimefunga watu wengi wasio na hatia, sisi madereva tunalijua. Hata awe mama yako mzazi, unafungua, unatoa kimoja kimoja, unafunga mwenyewe, na kuanzia hapo hautoki mkononi mwako. Akinuna acha anune, harusi ilishaisha.

Mama_Chitenje:
Lakini pia tusimhukumu. Mnyakyusa na Mngonde ni watu wamoja, ni Waingereza na Wajerumani walikaa huko Ulaya 1890 wakaamua Mto Songwe uwe mpaka, hao watu hawakuulizwa. Mama kwake Kyela ni kwa ndugu, kutuma mfuko kwake ni kama wewe kutuma ndizi Mbeya kwa konda. Mwambie tu kwa upole, "mama forodha wataniuliza kuna nini, nionyeshe nijue la kujibu". Mtu mwema hakasirikii hilo.

Chikanda_Boy:
Mizigo ya mpakani ina mambo. Nyie mnajua chikanda wanayokula Zambia, ile kama soseji ya mizizi na karanga? Mizizi mingi imechimbwa huku kwetu Makete na Kitulo, ni maua ya okidi yale, kuchimba hifadhini ni kosa na bado magunia yanapita. Kuna mtu anaambiwa "nibebee hivi viazi" hajui kabeba kesi.

Binti_Kiwira:
Jamani nimerudi, niko Karonga gesti, miguu siihisi.

MC aliniita. Tena sio mara moja, kaniita kama mgeni, halafu kama Wanyakyusa, halafu kama "wasioolewa kutoka nje ya nchi", na hilo kundi nilikuwa mimi peke yangu. Noti ndogo ziliisha kundi la pili, la tatu nikakopeshwa na yule yule mama. Chakula nsima, wali, kuku na samaki wa ziwani, ila pilau hawana na sikuwaambia chochote. Kulala walitaka nilale kwao, nikasema nimeshalipa gesti, wakanisindikiza na kabaza, yani baiskeli hadi barabarani, kijana na mkewe.

Mfuko nilisema kama @Mama_Chitenje alivyonielekeza. Mama akacheka, akaumwaga wote kwenye mkeka kabla sijamaliza sentensi, usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na vitenge viwili. Nimefunga mwenyewe, ninao hapa chumbani unanuka mno.

Swali la mwisho, mdogo wake mama anataka Desemba aje Mbeya kunitembelea, na nilishasema karibu. Nyumba yangu ni chumba na sebule. Mnashauri nini?

Dereva_Tunduma:
Godoro. Nunua godoro mapema, na usitegemee atakuja peke yake.

Usalama_Kwanza:
Usipa ufunge kwenye nailoni mbili, abiria wa Kyela watakushusha.