Je, mto wa kulalia unaweza kumaliza kukoroma, au tunauziwa matumaini?

Mama wa Tabata anauliza:

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Mume wangu ana umri wa miaka 49, mwili umemwongezeka tangu alipohamia kazi ya mezani huko Posta, na anakoroma kiasi kwamba umeme ukikatika na feni ikizima, wapangaji wetu wa chumba cha uani humsikia, na asubuhi hunipa pole. Hulala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili ya sufi tuliyopewa na mama mkwe tulipooana, mito ambayo sasa imeshindiliwa ikawa migumu kama tofali.

Juma lililopita nilipita Kariakoo, nikaoneshwa mto wa sponji wenye bonde katikati na kingo zilizoinuka, muuzaji akaniapia kwamba mtu akiulalia mwezi mmoja haongei tena na usiku. Bei yake ni shilingi 95,000. Kabla sijatoa fedha hizo nataka kujua kama mto una uwezo huo, na kama unao, uwe wa urefu gani. Jambo jingine, ingawa sijui kama linahusiana na hili, ni kwamba mara nyingine mkoromo hukatika ghafla, kimya kinatanda, kisha anakurupuka akihema kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Mchana husinzia, na mwezi uliopita alisinzia akiwa kwenye usukani katika foleni ya Buguruni.

Fundi wa Keko anajibu:

Dada yangu, ninashona mito na magodoro, kwa hiyo nitazungumzia mto tu na mengine nitawaachia wenye elimu yake. Kosa la mito miwili ni kwamba inainua kichwa peke yake huku mabega yakibaki chini, hivyo kidevu kinasogea kifuani na shingo inakunjika. Kunja mpira wa kumwagilia bustani uone maji yanavyopita kwa shida, nayo hewa hupata shida hiyo hiyo kooni.

Anayelala chali anahitaji mto mwembamba unaoshika kisogo na kujaza uwazi ulio chini ya shingo, basi. Anayelala ubavu anahitaji mnene zaidi, kwa sababu bega huweka nafasi kati ya kichwa na godoro. Mwambie asimame wima, umpime kwa futikamba kuanzia sikioni kwenda pembeni hadi usawa wa ncha ya bega, na kipimo hicho ndicho unene ambao mto unapaswa kubaki nao baada ya kulaliwa. Wateja wengi hupima mto ukiwa dukani umejaa upepo, wakifika nyumbani unabonyea nusu. Angalia pia godoro, kwani likiwa laini bega huzama, na mto uliotosha kwenye godoro gumu unakuwa mrefu mno.

Kuhusu sufi, sina ubaya nayo, ni baridi na inafaa joto la mji huu kuliko sponji zito ambalo hubonyea polepole kufuata umbo la kichwa lakini hutunza joto. Hata hivyo, sufi ya miaka mingi hukusanya vumbi na vijidudu vyake, na mtu mwenye mzio huziba pua usiku, akaanza kupumua kwa mdomo na kukoroma zaidi. Mito hiyo ifumuliwe, sufi ianikwe na kuchambuliwa upya, au muiage kwa heshima.

Tabibu wa Masikio, Pua na Koo anajibu:

Dada, fundi amesema vizuri kuhusu shingo, nami sina la kumsahihisha. Ila swali lako kubwa umeliweka mwishoni kana kwamba ni dogo. Mkoromo ni mtetemo wa nyama laini za kaakaa, kilimi na shina la ulimi, pale misuli inapolegea usingizini na hewa inalazimika kupita mahali pembamba. Kukoroma hivyo kunaweza kuwa kero ya masikio tu. Kile unachokieleza, yaani mkoromo kukatika, kimya, kisha kukurupuka, kinafanana sana na ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini, ambapo koo hujifunga huku kifua kikiendelea kuvuta hewa isiyoingia. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo ili koo lifunguke, naye asubuhi hakumbuki lolote. Mkatiko huhesabiwa ukifikia sekunde 10 au zaidi. Mikatiko, pamoja na vipindi ambavyo pumzi hupungua sana, ikiwa 5 hadi 14 kwa kila saa ya usingizi, hali huitwa nyepesi. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 na kuendelea ni kali. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mama mkwe, jinamizi tuliweke kando kwanza.

Sasa turudi kwenye mto. Mtu akilala chali, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma, na wagonjwa wengi pumzi zao hukatika zaidi katika mkao huo kuliko wakilala ubavu. Mto unaoinyoosha shingo, au unaomshawishi mtu abaki ubavu, unaweza kupunguza mkoromo na kuwasaidia baadhi ya wenye hali nyepesi. Kwa wenye hali kali haujaonesha nafuu ya kutegemewa, na hapo ndipo ninapomwogopa muuzaji wako kuliko ninavyouogopa mto wake. Mto ukipunguza sauti, wewe utalala, hutamsikia tena, naye ataendelea kukosa hewa kando yako. Katika ugonjwa huu kelele ni dalili kwamba hewa bado inapita. Kimya kinachofuata ndicho kinachonipa wasiwasi.

Mpime presha wiki hii, maana ugonjwa huu huandamana sana na shinikizo la damu. Pima na mzunguko wa shingo yake, kwani kwa mwanamume sentimita 43 au zaidi huongeza shaka. Kisha aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa mfano Muhimbili, ili achunguzwe koo na aelekezwe kwenye kipimo cha usingizi, ambacho hurekodi pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo akiwa amelala. Mpaka hapo, asiendeshe gari akiwa na usingizi. Hilo silisemi kama ushauri wa hiari.

Uzito nao una nguvu kuliko duka lolote la mito. Katika ufuatiliaji wa miaka kadhaa uliofanyika Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, waliopungua asilimia 10 ya uzito wao, mikatiko yao ilipungua kwa takriban asilimia 26. Tiba kuu ya hali kali ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani, CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliitangaza mwaka 1981. Kabla yake, waliozidiwa walitobolewa tundu shingoni ili wapumue.

Mzee wa Mbagala anajibu:

Mwanangu, mimi ni mgonjwa wa jambo hili, na zahanati ya kwanza niliyoiendea iliniambia ni uchovu wa uzee. Mto pekee haumzuii mtu kugeuka akiwa usingizini. Marehemu mke wangu alinishonea mfuko mgongoni mwa fulana, akautia mpira mdogo wa soksi kama ule wa watoto wa chandimu, na kila nilipogeuka chali uliniumiza nikarudi ubavuni. Ulinisaidia miezi michache, kisha nikawa naivua fulana usingizini bila kujua. Tuliinua pia mchago kwa kuweka vipande vya mbao chini ya matendegu mawili, ili mwili wote wa juu uinuke kidogo bila shingo kukunjwa.

Niliacha bia za jioni pia, kwa kuwa pombe hulegeza koo, kama zifanyavyo dawa za usingizi. Hatimaye kipimo kilionesha hali kali, na sasa natumia mashine. Ukatikaji wa umeme ndio adui yangu. Nimelazimika kununua betri.

Mama wa Tabata:

Nawashukuru nyote, na pole kwa kuondokewa, mzee wangu. Mto wa Kariakoo sikuununua. Usiku wa jana niliwasha simu ikarekodi sauti, kisha nikakaa na saa ya ukutani nikahesabu: katika saa moja pumzi ilikatika mara 14, na mkatiko mrefu ulifika sekunde 31. Nilipomsikilizisha rekodi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama huyo kweli ni yeye. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Anakwenda hospitali Jumatatu, na funguo za gari ninazo mimi.

Nina swali moja. Mwanetu wa miaka 6 hulala mdomo wazi na amekuwa akikoroma tangu mwaka jana. Je, naye nimtafutie mto mwembamba?

Tabibu wa Masikio, Pua na Koo:

Mpeleke siku hiyo hiyo. Kwa umri wake huwa tunashuku kwanza tezi za koo na zile zilizo nyuma ya pua kuwa zimevimba, na mto hauwezi kuzifikia. Kuhusu mikatiko 14, umefanya kazi nzuri, ila sikio hukosa mingi, hivyo msiichukue kama jibu la kipimo. Daktari mpelekeeni rekodi hiyo kama ilivyo.