Mnara wa Kwa Bibi

Kikundi: UKOO WA KWA BIBI KIWIRA 🍌

JUMATATU

19:42 Dada Tumpe: Shikamooni wakubwa wote, wadogo hamjambo. Naomba msome mpaka mwisho, msiniwekee dole gumba tu. Wale watu wa mnara wa simu wamerudi, wanataka jibu Ijumaa. Eneo ni lile lile la juu, pale kwenye mparachichi, mita 15 kwa 15. Mkataba miaka 10, laki nne kwa mwezi, na wanalipa mwaka mzima mbele. Humo kuna kodi ya zuio asilimia 10, ni ya serikali, msije mkasema Tumpe kala. Wanahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya serikali ya kijiji na nakala ya hati ya kimila.

19:43 Dada Tumpe: Muhtasari nimeshauandika. Zimebaki sahihi tu.

19:58 Ambakisye: Kikao kilikaa lini?

20:01 Dada Tumpe: Kitakaa. Wewe leta jina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa.

20:03 Ambakisye: Muhtasari umekitangulia kikao 😂😂

20:40 Dada Tumpe: Humu tupo 31. Waliosoma ni 22. Aliyejibu ni mmoja, na huyo anacheka.

21:15 Mamdogo Kyela: 👍

21:16 Dada Tumpe: Mamdogo, hilo dole ni la kukubali au la kwamba umeniona?

JUMANNE

06:10 Shangazi Uyole: Ndaga fijo mwanangu kwa taarifa. Mimi naulizia mionzi. Hapo chini kidogo tu ndipo anapolala mama yangu. Huku kwetu watu wanasema mnara unaumiza kichwa na kukausha migomba.

06:31 Sekela Nesi: Shikamoo shangazi. Mawimbi ya mnara siyo sawa na yale ya eksirei. Haya ni ya ukoo wa redio, nguvu yake ni ndogo, hayawezi kwenda kuharibu chembe za mwili kama eksirei ikizidi. Halafu yanapungua haraka ukisogea mbali, na antena inatazama mbele, haitazami chini kwenye paa la bibi. Wanaopima ni Tume ya Nguvu za Atomu, tunaweza kudai cheti cha vipimo kabla ya kusaini. Mimi naogopa jenereta kuliko mnara. Kelele usiku kucha na moshi wa dizeli kwa mtu wa umri ule!

06:33 Shangazi Uyole: Marahaba. Na migomba?

06:40 Ambakisye: Shangazi, yako ilikauka ulipomwaga zege uwanja mzima.

06:41 Shangazi Uyole: Wewe mtoto.

07:02 Gwamaka Dar: Shikamooni. Pale kwa bibi tatizo ni bonde. Kilima kimekaa katikati, na mawimbi ya intaneti yenye kasi hayapendi kupinda kona. Yale ya zamani ya 2G yanajitahidi, ndo maana kitochi cha bibi kinashika mpaka jikoni lakini Atu na simu janja yake lazima apande kwenye jiwe. Sasa dada, jambo moja muhimu. Hawa siyo wenye laini. Ni kampuni ya minara, wao wanajenga tu, mitandao ya simu inakuja kupanga juu yake. Akija mpangaji wa pili na wa tatu wao wanapata zaidi. Sisi je? Na jenereta lile linaweza kuwa sola, waulizwe. Iandikwe kwenye mkataba.

07:05 Dada Tumpe: Swali zuri sana Gwamaka. Tuma kitambulisho kwanza.

07:20 Ambakisye: Jiwe lile liheshimiwe jamani. Mimi pale nimechumbia mke. Nilikuwa nimeinua mkono na simu juu ya kichwa, naongea kwa kupiga kelele, kijiji kizima kinasikia namwambia nampenda.

07:22 Sekela Nesi: Na alikuwa anakujibu "sikusikii" 😂

07:23 Ambakisye: Mpaka leo anajibu hivyo hivyo.

07:24 Gwamaka Dar: 🤣🤣🤣

07:30 Dada Tumpe: Tumeanza. Turudi kwenye mada. Kila kaya elfu kumi, za barua ya kijiji, fotokopi na nauli yangu ya kwenda na kurudi Kiwira. Tumeni kwenye namba ile ya msiba wa baba. Na ya kutolea.

12:48 Bamdogo Kyela: Tumpe, nimejaribu kutuma imeleta jina la mwanaume. Ni wewe au ni wale?

12:50 Dada Tumpe: Bamdogo shikamoo. Ni laini ya mume wangu, kasajili yeye kwa alama zake za vidole. Ule mwaka wa kufungiwa laini mimi kitambulisho kilikuwa bado hakijatoka.

12:51 Ambakisye: Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la kiume 🤣

12:53 Bamdogo Kyela: Basi ngoja kwanza.

12:55 Dada Tumpe: Ambakisye umeona? UMEONA?

14:09 Shangazi Uyole: Mimi mwenzenu ukuta wangu una alama ya X kwa ajili ya hii barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi. Fomu ya tathmini nilisaini nimesimama, kalamu ya kuazima, sikusoma nyuma. Someni nyuma.

20:26 Baba Mkubwa Tunduma: Nimesoma tangu jana. Sisaini karatasi ambayo sijaishika mkononi. Kuletewa habari mambo yakiwa yameshakwisha mimi nimezoea, lakini safari hii hapana.

20:31 Mamdogo Kyela: Baba Mkubwa, tusifike huko tafadhali.

20:33 Baba Mkubwa Tunduma: Kufika nilifika. Nilifika siku ya tatu.

20:40 Bamdogo Kyela: Kaka, simu ya maandishi ilipelekwa posta Tukuyu. Na tangazo lilisomwa Radio Tanzania.

20:44 Baba Mkubwa Tunduma: Kule Kitwe, Zambia, tulikuwa tunaisikiliza kila jioni tukitoka zamu, redio moja watu kumi na mbili. Matangazo ya vifo tulikuwa tunazima mpaka jiko ili tusikie majina. Jina la baba halikutajwa. Aliyeniambia ni utingo wa lori pale mpakani, akidhani najua.

20:45 Gwamaka Dar: Hii ni mwaka gani?

20:45 Sekela Nesi: 1987. Gwamaka nyamaza.

20:58 Dada Tumpe: Wazee wangu, kwa heshima zote, hayo tuyaweke kando. Ijumaa ni mtondo, zimebaki siku tatu. Baba Mkubwa, nakupigia picha karatasi kila ukurasa.

21:00 Baba Mkubwa Tunduma: Picha siyo karatasi.

21:37 Binamu Makambako: Habari za jioni wanaukoo. Sikuwa na bando. Mimi naunga mkono kila kitu. Ni mtandao gani wanaleta?

JUMATANO

10:17 Atu wa Kwa Bibi: Shikamooni wote. Nipo kwenye jiwe ndo meseji zinaingia, nimekuta nyingi. Bibi anauliza nani kaweka vigingi. Alipanda kuchuma majani ya maboga akakuta vigingi vinne vyekundu, na mparachichi umepigwa rangi.

10:19 Sekela Nesi: Vigingi?

10:20 Ambakisye: Tumpe.

10:26 Dada Tumpe: Ni vipimo tu. Walikuja na mashine yao wiki iliyopita wakaomba kupima, nikasema wapime, kupima siyo kujenga. Wakikosa kwetu wanavuka mto kwa jirani, na hela zinaenda kwa jirani, na mtandao tutautumia wote bure. Ndicho mnachotaka?

10:27 Gwamaka Dar: Dada, rangi kwenye mti ni ya nini?

10:28 Dada Tumpe: Matawi labda.

10:30 Gwamaka Dar: Mita 15 kwa 15 pale, shina liko ndani. Na wakishaweka uzio hawaachi mti.

10:31 Shangazi Uyole: Mparachichi wa baba?

10:34 Sekela Nesi: Naomba kuuliza. Kuna mtu yeyote aliyempigia bibi? Kitochi kinashika jikoni, Gwamaka kasema.

10:52 Sekela Nesi: Jamani?

10:55 Dada Tumpe: Bibi kwenye simu hasikii vizuri. Nilipanga nimweleze nikienda kuchukua sahihi.

11:03 Ambakisye: Yaani Dar wanajua, Makambako wanajua, anayelala pale hajui.

11:04 Dada Tumpe: Wewe kaka yangu toka Jumatatu umechangia nini zaidi ya vichekesho? Elfu kumi yako iko wapi?

11:06 Ambakisye: Natuma. Namba ile ile ya mwanaume?

16:38 Atu wa Kwa Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

16:39 Atu wa Kwa Bibi: Nimemrekodi jikoni nikapanda nao. Samahani kelele za kuku.

16:47 Binamu Makambako: Niko kwenye kosta, sisikii kitu. Kasemaje?

16:55 Gwamaka Dar: Mimi nimesikia ila Kinyakyusa cha ndani kile… Sekela?

17:10 Sekela Nesi: Naandika kama alivyosema. "Nimeambiwa mnaongea habari za kwangu huko kwenye simu. Ndaga. Mnara siukatai. Na mimi nataka kumwona mtoto wa Gwamaka kwenye kioo kabla sijaenda. Lakini kigingi hakipigwi kwangu nikiwa hai sijaulizwa. Baba yenu mlimzika kaka yenu akiwa hajui. Hela ya simu niliitoa mimi, niliifungua kwenye pindo la kitenge, na niliyempa yupo na ananisikia. Sikumwuliza mwaka ule, wala leo simwulizi. Ila pale hapatachimbwa shimo jingine mpaka wanangu watatu waje wakae barazani waniambie kwa midomo yao. Vigingi nimeving'oa. Viko hapa jikoni kwenye kuni."

20:05 Ambakisye: Ndaga fijo bibi.

20:11 Shangazi Uyole: Nimemsikia mama. Nitakuja.

20:30 Dada Tumpe: Nimesikia. Naomba radhi kwa vigingi. Nimewapigia wale watu, wamenisogezea mpaka Jumatatu saa nne asubuhi, baada ya hapo wanakwenda ng'ambo ya mto. Nimewauliza kama mnara unaweza kusogea kule chini, mbali na mparachichi, wanasema fundi wao ataangalia, kule chini ni bondeni. Kwa hiyo kikao Jumamosi kwa bibi. Baba Mkubwa, Bamdogo, Shangazi. Mnathibitisha?

20:41 Baba Mkubwa Tunduma: Natoka Ijumaa. Nitalala kwa mama.

22:47 Bamdogo Kyela: Jumamosi ni siku ya kupeleka kokoa ghalani.

22:48 Dada Tumpe: Bamdogo, kokoa inaweza kupelekwa na vijana.

22:52 Bamdogo Kyela: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

22:53 Bamdogo Kyela: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

23:01 Mamdogo Kyela: Atakuja.

23:02 Dada Tumpe: Kasema mwenyewe au unasema wewe Mamdogo?

ALHAMISI

05:48 Baba Mkubwa Tunduma: Mdogo wangu, pitia Uyole umchukue dada yako. Nauli nitakupa mimi.

06:05 Shangazi Uyole: Uyole na Kyela wapi na wapi kaka, anatoka chini anapita Kiwira kwanza. Mimi nitapanda Noah. Naleta mchele kilo tano.

06:20 Dada Tumpe: Bamdogo naona umesoma.

06:44 Gwamaka Dar: Ambao tupo mbali tupigiwe basi simu ya video wakati wa kikao.

06:45 Sekela Nesi: Kwa mtandao upi Gwamaka?

06:46 Gwamaka Dar: 😅 Wahamie kwenye jiwe.

06:50 Shangazi Uyole: Wazee watatu na mama juu ya jiwe, nyie watoto mna laana. Nani analeta mafuta?

06:51 Ambakisye: Ya kupikia au ya gari?